Mtoto Aliyelazwa Chumba cha Mpunga

Wenzangu mliobaki kazini,

Siku ya kuniaga mliniomba niseme machache. Nikasema machache kweli, kwa sababu wapishi walikuwa wananiangalia wakiwa wameshika vifuniko vya sufuria. Haya ndiyo niliyopaswa kuwaambia. Nimeyaandika kwenye daftari la kliniki lililobaki na kurasa tupu, hapa nyumbani kwangu Mbugani, ambako tangu nistaafu muda ninao mwingi na wa kuongea naye hayupo.

Vyeo na uhamisho nitaviruka. Nataka kuwaeleza juu ya pumu, hasa ile inayoamshwa na mzio, na juu ya mgonjwa mmoja aliyenifundisha kuitibu, tangu akiwa na miaka minne mpaka akawa mke wa mtu. Jina lake nimelibadilisha. Nitamwita Sekela.

Nilifika zahanati ya Ngana, huku Kyela, nikiwa tabibu mpya, msichana wa Iringa asiyejua Kinyakyusa. Nilijua maneno mawili tu: ugonile, la kusalimia, na ndaga, la kushukuru. Kwa maneno mawili unaweza kuingia nyumba ya mtu na kutoka. Katikati unakaa kimya ukitabasamu. Tulikuwa wahudumu wawili, mimi na muuguzi mmoja wa makamo aliyeitwa Mama Tusekile. Jioni yeye alirudi kwa watoto wake, mimi nikarudi kwenye nyumba ya mtumishi iliyokuwa nyuma ya zahanati. Mvua ya Kyela ikishika bati husikii hata redio yako mwenyewe. Nilikuwa naizima ili kutunza betri, na nakaa.

Vifaa vya pumu vilikuwa vichache. Mipira ya kusikilizia kifua, seti moja. Vidonge vya kupanua njia za hewa, vilivyomfanya mtoto atetemeke mikono kama mzee. Sindano, kwa aliyebanwa sana. Dawa za kuvuta kwa mdomo tulizisoma chuoni, lakini hazikuwa zimefika kwetu. Kwa hiyo tulikuwa watu wa kuzima moto. Mgonjwa akiondoka anapumua, tuliandika "amepata nafuu" na kumsubiri arudi. Alirudi.

Mama Tusekile alikuwa na tabia iliyoniudhi. Kabla ya kuuliza ugonjwa, aliuliza habari za nyumbani: migomba imekaaje, maji yalifika wapi mto ulipofurika, kakao mnaanika wapi. Nilidhani anapiga soga wakati benchi limejaa. Nilikuwa na haraka ya mtu aliyetoka chuoni na majibu yote.

Sekela aliletwa msimu wa kuvuna mpunga, amebebwa mgongoni ingawa alikuwa mkubwa wa kutosha kutembea. Mama yake alikuwa mkulima. Baba alikuwa mtu wa biashara, wiki huku, wiki Malawi kwa shemeji zake. Kabla sijaweka mpira kifuani nilishausikia mluzi. Mbavu ziliingia ndani kila alipovuta pumzi. Macho mekundu, pua inatiririka, na kwenye mikunjo ya viwiko alikuwa na ukurutu aliojikuna mpaka ukatoa maji.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu mdogo, dokta. Mvua ikija, anabanwa. Mpunga ukija, anabanwa. Akicheka sana, anabanwa."

"Analala wapi?"

"Jikoni, kwa bibi yake."

Kwa msiokulia huku: jiko ni kijumba cha pembeni, na bibi hulala humo na wajukuu, moto katikati umefukiwa majivu. Nilikuwa nimesoma sura nzima juu ya moshi.

"Mtoe huko," nikasema. "Asilale tena jikoni. Moshi unambana."

"Nimesikia, dokta. Ndaga."

Niliuliza swali zuri, nikalifuata na amri, kisha nikaita mgonjwa mwingine. Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia, na lilichukua zaidi ya mwaka kuonekana.

Kwa sababu mtoto alizidi kuugua. Zamani alibanwa kwa misimu. Sasa alibanwa kila baada ya wiki mbili tatu, na kila alipoamka alfajiri kifua kilikuwa kinaimba. Niliongeza vidonge. Alikonda, shingo ikawa na mishipa. Siku moja uvumilivu uliniisha, mbele ya benchi zima.

"Mama Sekela, mimi na wewe tulikubaliana nini?"

"Asilale jikoni, dokta."

"Sasa mbona hali ndiyo hii?"

"Halali jikoni. Analala pazuri. Pazuri kuliko sisi wote."

"Basi labda anavuta sigara," akadakia mzee mmoja kwenye benchi, na watu wakacheka. Mama Sekela akatabasamu kwa aibu, akimfunga mtoto mgongoni. Nami nilicheka. Nawaambia ili mjue kwamba nilicheka.

Walipoondoka, Mama Tusekile aliendelea kukunja bandeji.

"Umemwuliza hapo pazuri ni wapi?"

"Si amesema ni pazuri?"

"Wewe mwenyewe, nyumbani kwenu, pazuri ni wapi?"

Mama Tusekile akafunga sanduku la bandeji. Akasema, "Kesho tufunge mapema, twende."

Tulikwenda kwa miguu, na njiani alinifundisha neno la tatu, ambalo nimelisahau. Nyumba kuu ya akina Sekela ilikuwa ya matofali, imeezekwa nyasi zilizochakaa, isipokuwa chumba kimoja cha mwisho chenye bati na kufuli. Mama Sekela alikifungua kwa fahari. Kilikuwa chumba cha mpunga. Magunia yalipangwa mpaka karibu na dari, na katikati waliacha nafasi ya mkeka mmoja. Juu ya mkeka kulikuwa na blanketi zuri kuliko yote ya nyumba ile, limekunjwa pembe kwa pembe.

Mkumbuke tuko Kyela. Mpunga haulazwi panapovuja. Ukiwa na bati chache, unaezekea mpunga kwanza, watu baadaye, kwa sababu mpunga ukilowa mwaka mzima umekwenda. Dokta alisema mtoto atoke jikoni, na mama akampa mtoto heshima kubwa aliyokuwa nayo: akamlaza pamoja na mpunga. Alinitii kwa moyo wake wote. Na humo ndani, mimi mwenye mapafu mazima, nilianza kupiga chafya. Vumbi la makapi lilielea kwenye mwanga wa mlango. Mafuriko ya mwaka ule yalikuwa yamelowesha ukuta kwa chini, na ukungu mweusi ulikuwa umepanda hadi usawa wa kichwa cha mtoto aliyelala. Nyuma ya magunia panya walikuwa na familia yao.

Nilichuchumaa nikamwuliza Sekela, "Unapapenda hapa?"

Akatazama mama yake kwanza. "Jikoni kuna bibi. Huku kuna magunia."

Mpaka leo ninapoandika habari za pumu, sentensi ile ndiyo inayokuja. Nilikuwa nimemwongezea ugonjwa na nimemwondolea watu, yote kwa amri moja.

Nieleze mzio kama nilivyomweleza mama yake pale mlangoni, maana bado nadhani ni maelezo yanayoeleweka. Mwili una mlinzi wake. Mlinzi wa kawaida anapiga filimbi akiona mwizi. Mlinzi wa mtu mwenye mzio anapiga filimbi kwa kila anayepita, hata jirani aliyekuja kuomba chumvi: vumbi la mpunga, ukungu, manyoya, kinyesi cha wadudu wadogo wa kwenye mkeka. Filimbi ikipigwa, njia za hewa huvimba kwa ndani, hutoa ute, na misuli yake hujikaza. Nafasi iliyobaki ni nyembamba, ndiyo maana pumzi inapiga mluzi. Moshi hauhitaji hata mlinzi, wenyewe unachubua. Mtoto wa aina hii mara nyingi huanza na ukurutu, halafu mafua yasiyoisha, halafu kifua. Mkiona viwiko vyenye ukurutu, sikilizeni kifua.

"Kwa hiyo jikoni pabaya na huku pabaya," mama yake akasema. "Nimlaze mtini?"

Swali lilikuwa la haki. Nyumba kuu ilikuwa inavuja. Mama Tusekile ndiye aliyeona njia: jiko lilikuwa kavu na ukuta wake mzima; kilichotakiwa kutoka humo ni moto, siyo mtoto. Moto ukae nje, chini ya kibanda, na mtoto arudi kwa bibi yake.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni akimenya ndizi. Alisikia, akaweka kisu chini.

"Moto wangu nje? Kwani amekufa nani?"

Hakuwa anatania. Kwao moto wa nje ni wa msiba, watu wanapolala uani siku kadhaa na wafiwa. Kuwasha moto nje kila siku bila maiti ni kuita jambo lisilotajwa. Nilianza kueleza moshi, nikaona nazungumza na ukuta. Nikavua mipira shingoni, nikamvalisha bibi masikioni, nikaweka upande wa pili kwenye mgongo wa Sekela.

Bibi alisikiliza muda mrefu. Uso wake ulibadilika polepole.

"Mwanangu," akaniambia, "humu ndani kuna paka."

"Ndiyo, bibi. Anasikika hivyo hivyo kila alfajiri."

"Na nyie mlimfungia huyu paka na magunia?" Akamgeukia mkwewe. "Toeni moto wangu. Watakaouliza nani kafa, niiteni mimi niwajibu."

Walihamisha moto juma lile. Tuliwafundisha kuanika mkeka juani kila siku ya jua, blanketi likachemshwa. Sekela hakupona, kwa sababu pumu haiponi hivyo. Lakini alirudi kubanwa kwa misimu, na shingo ikarudi kuwa shingo. Nilichojifunza nimejaribu kuwarithisha: mkimwambia mtu asilale mahali, msimruhusu aondoke kabla hamjajua atalala wapi. Na mkiweza, nendeni mkapaone.

Dawa za kuvuta zilipofika, Sekela alikuwa darasa la tatu. Mnazijua: inhela ya bluu inayofungua kifua kilichobanwa, na ya kahawia ya kuzuia, inayotuliza uvimbe polepole na inayotaka kutumika kila siku hata mtu akiwa mzima. Mtoto hawezi kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja, kwa hiyo tulitengeneza vyombo vya kupitishia kwa chupa za maji za nusu lita. Pasha waya, toboa kitako cha chupa kwa umbo la mdomo wa inhela, ingiza ikaze bila kuvuja. Osha kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe, bila kuifuta, la sivyo dawa hung'ang'ania kwenye plastiki. Bonyeza mara moja, mtoto avute na kutoa pumzi taratibu mara tano au sita, ndipo ubonyeze tena. Baada ya ile ya kahawia, asukutue mdomo na kutema. Nimetoboa chupa nyingi sana jioni zangu Ngana. Ilikuwa kazi nzuri kwa mtu anayekaa peke yake, na vidole vyangu viwili vina alama.

Shida ya dawa ya kuzuia ni kwamba inafanya kazi. Mtoto akikaa miezi bila kubanwa, nyumba nzima inaamini amepona, na inhela inapelekwa kwa binamu anayekohoa. Sekela aliiacha alipofika kidato cha kwanza. Kifua kilitulia miaka kadhaa, kama kinavyotulia kwa vijana wengi, nami nikampoteza. Nilisikia tu kwamba aliwahi kwenda ufukweni na kwaya, wakakutana na lile wingu la wadudu wa ziwani linalopanda kama moshi kutoka majini. Wenzake walifunika nyuso wakicheka. Yeye alirudishwa amebebwa. Hakuja kwangu. Nilikuwa nimekwishahamia kituo cha afya mjini, na Mama Tusekile alikuwa amefariki. Kwenye msiba wake nililala uani, karibu na moto, nikijua Kinyakyusa cha kutosha kufuata nyimbo.

Niliyemwona tena ni mwanamke mwenye mimba ya miezi saba, asubuhi ya msimu wa mavuno, ameshushwa kwenye bodaboda na mumewe. Walitoka Ndandalo. Alikaa ameinama mbele, mikono magotini, midomo imebadilika rangi. Nilimtambua kabla hajanitazama. Nikaweka mpira mgongoni, na kifua kilikuwa karibu kimya. Vijana, paka akilia mna muda. Paka akinyamaza ilhali mgonjwa bado anahangaika, hamna muda. Hewa haipiti hata ya kutoa mluzi.

Tulimpa oksijeni, dawa ya kufungua kifua kwa mashine ya mvuke ikirudiwa rudiwa, sindano ya kutuliza uvimbe. Mama mkwe alikuja na bodaboda ya pili, akasimama mlangoni.

"Ni mimba, eti dokta? Mimba zingine zinapanda juu."

Sekela alikuwa anashindwa kutamka hata ndiyo. Lakini alinitazama, akatikisa kichwa kidogo sana, na nikaelewa: hawajui. Miaka miwili ya ndoa, hawajui kwamba ana pumu.

"Tunamhudumia, mama," nikasema. "Akiweza kusema, atasema mwenyewe."

Ilikuwa adhuhuri ndipo mluzi ukarudi kifuani. Sijawahi kuufurahia mluzi wa mgonjwa kama siku ile. Mtoto tumboni alikuwa anacheza.

Kesho yake nilivuta kiti. Aliniambia yote kwa vipande. Aliogopa wataona wameoa mgonjwa, na atazaa wagonjwa. Inhela ya bluu aliitumia chooni. Ya kahawia, aliyoianza tena baada ya wale wadudu wa ziwani, aliitupa alipojua ana mimba, kwa kuhofia mtoto. Nilimweleza ninachotaka nanyi mwaeleze wajawazito wote wenye pumu: kinachomtishia mtoto ni mama kukosa hewa. Dawa hizi zinamlinda mama, na mama ndiye hewa ya mtoto. Asiache kabla ya kuuliza.

"Nikusaidie kuwaambia?" nikauliza.

"Hapana, dokta. Ukisema wewe watanihurumia. Nikisema mimi, watanizoea."

Mama mkwe alipoingia na uji, Sekela alitoa inhela mbili, ya bluu na ya kahawia niliyompa upya, akaziweka juu ya shuka.

"Mama, nina pumu. Tangu utotoni. Vumbi la mpunga linaniua, na moshi pia."

Yule mama alikaa kitandani taratibu.

"Kumbe ni hilo? Sisi tulidhani wewe ni mvivu!" Akaweka mkono mdomoni. "Yesu wangu. Na mimi nimekusema kwa majirani kijiji kizima."

"Najua, mama. Nilikuwa nasikia."

"Sasa kupura huwezi, kupepeta huwezi. Utapika?"

"Kuni zina moshi, mama."

"Heee! Sasa utafanya nini, mke wa mtu?"

"Nitauza. Mchele uliokobolewa ukapepetwa nitaupeleka sokoni. Mdomo ninao."

Mama mkwe alimtazama, kisha akanitazama mimi, na akaanza kucheka mpaka uji ukamwagika. Nilitoka nje. Mazungumzo yale yalikuwa yao, na mimi sikuwa na sehemu humo.

Alijifungua salama mtoto wa kike. Akawa anakuja kila miezi mitatu. Nilimpa kile kipimo cha kupuliza kinachoonyesha nguvu ya pumzi, akaandika namba zake kwenye daftari kila asubuhi, na zikianza kushuka alijua kabla ya kifua kujua. Mwanzoni tulikaa nusu saa tukiongea. Baadaye robo saa. Mwaka wangu wa mwisho alikuwa akiingia na kunionyesha daftari huku amesimama: "Ziko sawa, dokta, nina wateja." Nilikuwa nimeandaa maswali. Nilibaki nayo.

Mavuno ya mwaka huu ni ya kwanza nikiwa nimestaafu. Vumbi lilianza kuonekana juu ya barabara ya Ndandalo, na bila kutaka nikawa nasafisha chupa, nakaa karibu na simu. Mwezi ukapita. Wa pili ukapita. Mwishoni nilimpigia mmoja wenu, anajijua, nikauliza habari za kazi, halafu nikauliza kama kwa bahati, vipi yule mama wa mchele.

"Yuko vizuri, dokta. Hajaletwa amebanwa hata mara moja. Alikuja tarehe yake, akanielekeza mimi kutoboa chupa. Alisema ninatoboa vibaya."

"Aliniulizia?"

Akanijibu kwa adabu: "Palikuwa na foleni, dokta."

Nikasema vizuri sana, na nilimaanisha. Nilikata simu, nikatoa kiti nje, nikakaa nikitazama vumbi la mpunga wa watu likipita juu ya paa, na hakuna aliyekuja kuniita.